Jumamosi Isiyowashwa Moto

Ijumaa ile Athanasie alimaliza kupika saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linachoma. Ulikuwa mwezi wa kumi, mwaka tisini na sita, na pale Katumba, makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda, mawingu yalikuwa yanapita juu kila siku bila kumdondokea mtu hata tone. Joto la mwezi huo watu wa Mpanda wanalijua. Ugali wa asubuhi ukiufunika, saa sita umeshatoa jasho na kuanza kunuka, na mtu akiwekewa mchuzi unaofuka mvuke mchana anautazama kama adhabu.

Athanasie, mume wake Antoni na binti yao Emelyne walikuwa Wasabato. Tangu jua lizame Ijumaa hadi lizame tena Jumamosi, jiko lao halikuwashwa. Wapo waumini wenzao waliokuwa wanapasha chai siku hiyo, na mchungaji wa kanisa hakuwahi kumkaripia mtu kwa jambo hilo. Lakini Athanasie alishika kama alivyoshikishwa na mama yake kule Burundi, kabla vita havijawatoa mwaka sabini na mbili. Siku hiyo majivu yaachwe yalale.

Kwa hiyo Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake ya kuhangaika. Choroko alizichemsha mpaka zikaiva bila kupasuka, akazichuja, akazitandaza kwenye ungo zipoe, maana zikifunikwa zingali moto huchacha kabla ya alfajiri. Mtama mweupe, ambao alikuwa ameuloweka tangu Alhamisi, aliuchemsha mzima mzima bila kuusaga, hadi kila punje ikavimba na kulainika. Viazi vitamu alivipika na maganda yake. Karanga alizikaanga kavu. Mwisho alichemsha sufuria kubwa ya maji na kuyamimina kwenye mtungi, ya kuoshea mboga. Zahanati ilikuwa imewafundisha kwamba mboga ya kuliwa mbichi isiguswe na maji ya kisima yasiyochemka, na kwa miaka ile ambayo kipindupindu kilikuwa hakitabiriki, Athanasie hakulipuuza somo hilo hata siku moja.

Zaidi ya hapo alikuwa na jambo la Jumapili kichwani. Nyuma ya nyumba alikuwa amefunga majogoo wawili, na ndani kulikuwa na mchele kilo nne. Jumapili wangekuja wageni kutoka Kasansa, kule Mpimbwe, kumposa Emelyne kwa ajili ya kijana aitwaye Mwandu. Mwandu na Emelyne walijuana sokoni Mpanda mjini, yeye akiwa ameleta ng'ombe mnadani, binti akiuza nyanya. Baba yake Mwandu aliitwa Masunga, Msukuma aliyehama na mifugo yake kutoka Shinyanga, na sifa za zizi lake zilikuwa zimefika Katumba kabla yake.

Athanasie alilala na moyo mtulivu. Jumapili ilikuwa imeshapangwa.

Kesho yake walitoka kanisani kama saa sita mchana. Walipokaribia nyumbani, Emelyne ndiye aliyewaona kwanza, akasimama njiani.

"Mama," alisema, "ni wao."

Kwenye baraza walikuwa wamekaa watu watatu. Mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya pama na fimbo ya mpingo, miguu yake imejaa vumbi hadi magotini. Mwanamke wa makamo, mnene, amejifunga kaniki, furushi liko pembeni yake. Na Mwandu, aliyesimama mara moja alipowaona wenye nyumba, macho yake yakiwa chini kama mtu aliyekutwa shambani kwa watu.

Wakasalimiana. Yule mwanamke alijitambulisha kuwa ni Kabula, dada yake Masunga, sengi wa Mwandu, yaani shangazi yake. Alimshika Athanasie mikono yote miwili na kumwita mayu, mama.

"Tulisema Jumapili," Masunga alisema, "lakini lori lilitoka Kasansa siku moja mapema. Tumelala Mpanda mjini, tumekuja kwa miguu tangu asubuhi. Mbung'o wametula pale mbugani mpaka tumebaki mifupa."

"Karibuni sana, mzee," Antoni akasema. "Mgeni haji kwa saa."

Maji ya kunywa yakaletwa. Wageni walikunywa kata mbili mbili. Athanasie alisimama akiwatazama wanavyokunywa. Watu waliotoka kwenye maziwa na nyama wamekuja kwake kwa mara ya kwanza, wamekuja kuposa, na yeye hana kitu cha moto cha kuwawekea.

Antoni alimfuata nyuma ya nyumba.

"Mama Emelyne, washa moto tuchinje jogoo mmoja," alinong'ona. "Mungu anaelewa. Hata kwenye Biblia, ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato anatolewa."

"Hawa hawajatumbukia kisimani. Wamekaa barazani wanakunywa maji."

"Ni wakwe."

"Bado. Na ndiyo maana siwashi." Athanasie aliinama akachukua beseni. "Wanataka kumchukua binti yetu aende akaishi kwao. Leo nikiwasha moto kwa sababu mgeni ana ng'ombe wengi, kesho wao watamwambia nini? Watamwambia mbona mama yako aliwasha. Waone tunavyoishi. Wakiona haiwafai, warudi na lori lao."

"Na mimi nikiwasha?"

"Washa. Nyumba ni yako. Lakini sufuria sitaigusa."

Antoni alimtazama, akatazama majogoo, kisha akarudi barazani. Alikuwa mtu wa kupenda amani, na mara nyingi alikuwa anaipata kwa kukubali.

Mama na binti wakaingia kazini. Emelyne alitoa nyanya kwenye mchanga wenye unyevunyevu walikokuwa wanazihifadhi zisinyauke, pamoja na kabichi moja, karoti, matango matatu na vitunguu, vyote vya bustani yao ya bondeni. Akaviosha kwa maji ya mtungi yaliyotiwa chumvi. Athanasie alikata vitunguu vyembamba, akavivuruga kwa chumvi kwenye kiganja na kuvikamua hadi ukali ukatoka, akavisuuza. Kabichi nayo aliikata nyembamba kama nyuzi. Kabichi ya kiangazi huwa ngumu, kwa hiyo aliitia chumvi kidogo, akaiponda kwa vidole mpaka ikanywea na kutoa maji.

"Unaiponda kwa nguvu sana," Emelyne alisema.

"Kata matango."

"Mama, wakikataa?"

"Watakataa chakula. Kama na wewe watakukataa kwa sababu ya chakula, ni bora tujue leo."

Emelyne akachukua kisu. Alikata matango kwa vipande vya mraba, pamoja na maganda yake, maana yalikuwa machanga.

Choroko Athanasie alizimimina kwenye bakuli kubwa la udongo. Akaongeza vitunguu, nyanya zilizokatwa, na embe bichi moja alilolimenya na kulikatakata vipande vidogo kabisa. Maembe yalikuwa bado hayajaiva mwezi ule, lakini uchachu wake ndio alioutaka. Akakamulia limau, akatia pilipili moja iliyotolewa mbegu. Kwenye bakuli la pili aliweka mtama, kabichi, karoti zilizokwaruzwa na matango. Karanga alizitwanga nusu, zisiwe unga, akazichanganya na maji ya limau na kijiko cha asali ya Ugalla, akaumwagia mtama ule na kugeuza kwa mikono hadi kila punje ikang'aa. Viazi vitamu akavimenya na kuvikata vipande vinene. Papai moja lililoiva alilipasua, akalipanga kwenye sinia na kulikamulia limau.

Alikuwa amejifunza mapishi hayo kidogo kidogo. Mengine kwa mama yake, mengine kwa Hilaria, mwalimu wa afya wa kanisani aliyekuwa anayaita saladi. Athanasie mwenyewe aliyaita chakula cha Sabato, basi.

Walipokuwa wanamalizia, kivuli kiliingia mlangoni. Ni Kabula.

"Mayu, nimekuja kusaidia," alisema, akatazama jiko. Mafiga yalikuwa yamefagiliwa, majivu yamesawazishwa. "Nyie hamjapika?"

"Tumepika jana. Leo hatuwashi moto, shangazi. Ni Sabato."

"Nimesikia majogoo huko nyuma."

"Wapo wawili. Ni wenu, wa kesho."

Kabula alichungulia bakuli la mtama, akainusa harufu yake. Athanasie hakuweza kuusoma uso wake.

Chakula kikaandaliwa barazani, kwenye mkeka. Wakanawa mikono. Antoni akaomba dua, ndefu kuliko kawaida yake. Alipofungua macho, Masunga alikuwa bado anatazama mabakuli kama mtu anayesubiri chakula chenyewe kije.

"Hiki ndicho?" aliuliza.

"Ndicho, baba," Athanasie alijibu. "Leo ni siku yetu ya kupumzika. Hatuwashi moto wala hatuchinji. Kesho tutawapikia kama wakwe wanavyopikiwa. Leo tunawakaribisha tunachokula wenyewe."

Masunga aliweka fimbo magotini.

"Kwetu mgeni akifika, kunachinjwa. Akifika mgeni wa kuposa, kunachinjwa dume. Sijawahi kuwekewa majani mabichi tangu nizaliwe. Majani mabichi mimi nawapa mbuzi." Alisema bila kupandisha sauti, akainuka. "Naomba radhi. Nitakwenda hapo senta nitafute nyama. Nyie kuleni."

"Baba," Mwandu alisema.

"Kaa ule. Ndiyo dini yako."

Akavaa pama lake na kutoka kwenye jua. Antoni aliinuka kumfuata, Kabula akamshika mkono.

"Mwache, shemeji. Huyo ukimfuata ataongeza mwendo."

Hakuna aliyenyoosha mkono kula. Athanasie alihisi uso unawaka, si kwa jua. Emelyne alikuwa ameinamisha kichwa. Ndipo Kabula alipovuta furushi lake, akalifungua, akatoa kifuko cha kitambaa.

"Sasa tule," alisema. "Mimi nimetembea tangu alfajiri." Alimwaga kwenye sinia vipande vikavu vya rangi ya kahawia. "Haya ni matobolwa. Viazi vitamu tunavichemsha, tunavikata, tunavianika juani mpaka vinakuwa kama mbao. Mtu anatembea navyo safari nzima. Na haya, mayu, hayahitaji moto tena. Unaloweka au unatafuna hivyo hivyo."

Athanasie akachukua vipande vitano sita, akaviweka kwenye bakuli dogo la maji ya mtungi. Kabula akachota choroko kwa mkono, akala, akatafuna taratibu. Akachota tena. Kisha akavuta bakuli la mtama karibu yake.

"Hii karanga na limau umechanganya na nini?"

"Asali kidogo."

"Mm." Alikula tena. "Mama yangu alikuwa anatupelekea choroko baridi shambani, wakati wa kulima pamba. Na matango. Tulipopata ng'ombe wengi tukaacha, tukaona ni chakula cha maskini." Akayatoa matobolwa kwenye maji, yalikuwa yameanza kulainika pembeni, akayakatakata kwa kisu na kuyatupia kwenye choroko. "Jaribu hivyo."

Athanasie alijaribu. Utamu wa kiazi kikavu uliukuta uchachu wa embe, ukaukalia vizuri. Akamsogezea Antoni bakuli, na Antoni, ambaye alikuwa na njaa tangu kanisani, alikula hadi akasahau aibu. Mwandu alikula pia, lakini macho yake yalikuwa njiani.

Baada ya muda Kabula akajipangusa midomo.

"Mayu, nikwambie jambo. Afadhali ulijue kwangu. Lori halikutoka mapema."

Mwandu alisema kwa sauti ya chini, "Sengi."

"Nyamaza. Huyu mama amenilisha." Akamgeukia Athanasie. "Lori lilitakiwa kuondoka jana, na sisi tulijua siku zote kwamba ni jana. Kaka yangu alitaka kufika leo. Huyu kijana alibatizwa mwaka jana, kwenye lambo lile lile tunalonyweshea ng'ombe, na tangu hapo Jumamosi hataki kuchunga. Wamegombana mwaka mzima. Kaka akasema, twende kwa hao Wasabato siku yao yenyewe. Mimi ni mgeni mkubwa, watawasha moto, watachinja. Nikiisha kula nitamwambia mwanangu, umeona? Wenyewe wanaivunja kwa ajili ya kitoweo. Jumamosi ijayo utachunga."

Athanasie alijifuta mikono kwa kanga. Hasira ilimpanda polepole, kama maji yanavyopanda kwenye nguo. Alikuwa amesimama kwenye jiko lake akiona aibu ya umaskini, kumbe alikuwa anapimwa. Alimtazama Antoni. Antoni alikuwa anatazama vidole vyake.

"Na wewe ulijua?" Emelyne alimwuliza Mwandu. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu wakae.

"Nilijua ni leo. Sababu nimeijua jana tukiwa Mpanda." Akaondoa macho njiani. "Niliona nikikutumia ujumbe itakuwa namsaliti baba. Nisipokutumia nakusaliti wewe. Nikakaa kimya. Nimekosea."

Emelyne alitoa vyombo. Lakini Athanasie aliona kwamba bakuli la choroko hakulitoa. Alichota chakula kwenye sahani, cha kila aina, akaifunika kwa kawa na kuiweka kivulini, juu ya mtungi palipo na ubaridi.

"Ya nani hiyo?" Athanasie aliuliza.

"Ya mzee. Atarudi na njaa."

Masunga alirudi saa tisa. Senta bucha ilikuwa moja tu, na mwenye nayo, kwa joto lile, alichinja alfajiri akauza hadi saa nne na kufunga, maana nyama ya mwezi wa kumi haisubiri mchana. Mgahawa ulikuwa na maandazi ya jana. Mzee alikuwa amezunguka na kurudi, shati limemganda mgongoni. Aliketi barazani, akavua pama, na Athanasie alipomwangalia aliona kwamba hakuwa mzee sana kama alivyodhani, ila alikuwa amechoka kabisa.

Angeweza kumwacha. Wazo hilo lilimjia na akalipa nafasi kidogo. Kisha akamletea maji ya kunawa, akaichukua ile sahani na kuiweka mbele yake, akafunua.

"Kula kwanza, baba. Halafu tuzungumze. Nimeambiwa kuhusu lori."

Masunga alimtazama dada yake. Kabula alikuwa anachambua mchele wa kesho na hakuinua macho.

Alikula. Tonge la kwanza alilishika kama dawa, la pili akalitafuna, la tatu hakuliwazia tena. Alimaliza mtama, akamaliza choroko, akala papai hadi ganda likabaki jembamba. Hakusema kizuri wala kibaya. Aliposukuma sahani alisafisha koo.

"Ningekuwa na moyo mbaya ningekana," alisema. "Sikani. Nilitaka muwashe moto."

"Kwa nini hukutuuliza tu?" Athanasie alisema. "Ungeuliza, ungejibiwa. Hapa si mahakamani hata uje na mtego."

"Mama Emelyne," Antoni akasema.

"Acha aseme," Masunga akamkatiza. "Ana haki." Akaegemeza fimbo ukutani. "Mimi nina ng'ombe, mama. Ng'ombe hajui Jumamosi. Akikaa na kiu anakufa, uwe unaomba au huombi. Vijana wangu ni watatu. Mmoja akiniambia siku moja kila wiki hagusi mifugo, nifanye nini?"

"Mbuzi wangu nao hawajui Jumamosi. Wamekunywa maji leo asubuhi kabla hatujakwenda kanisani."

Masunga akainua kichwa.

"Mnanywesha?"

"Tunanywesha. Yesu mwenyewe alisema mtu humfungua ng'ombe wake siku ya Sabato akampeleka kunywa. Hatukamui kwa ajili ya kuuza, hatupeleki mnadani, hatulimi. Lakini mnyama hafungwi na kiu kwa sababu ya dini ya mtu."

Mzee alimgeukia mwanawe polepole. "Hilo hukuniambia."

"Hukuniuliza, baba."

"Uliniambia hugusi ng'ombe."

"Uliniambia nichague, dini au zizi. Nikasema sigusi. Nilikuwa na hasira." Mwandu alisogea karibu na baba yake. "Kunywesha nitanywesha. Kuwapeleka porini siku nzima mpaka jioni, hapana. Jumapili nitachunga peke yangu, wenzangu wapumzike. Na siku za mnada wakitaka."

Nje kuku walikuwa wamelala kifudifudi mavumbini, midomo wazi. Masunga alimgeukia Emelyne, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango.

"Na wewe, binti. Kule kwangu tunakula watu kumi na wawili. Jumamosi utawalisha nini?"

"Nitawapikia Ijumaa," Emelyne alijibu.

"Wasipopenda?"

"Wataniambia. Ijumaa itakayofuata nitabadilisha."

Kabula alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, cheko la tumboni, akamwaga punje kadhaa za mchele nje ya ungo. Masunga hakucheka, lakini aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia bei isiyomwonea.

Hawakuzungumza habari za mahari jioni ile. Antoni alieleza kwamba maneno ya ng'ombe ni ya kesho, na Masunga, ambaye angependa kuyamaliza pale pale, alivumilia. Wakabaki wanaongea mambo mengine. Masunga alisimulia walivyotoka Shinyanga wakiswaga mifugo miezi miwili, na ndama waliowazika njiani. Antoni alisimulia walivyofika Katumba pakiwa msitu mtupu, wakilala chini ya matawi na kusikia simba. Iligundulika kwamba wote wawili walijenga nyumba yao ya kwanza kwa miti ya mninga bila kujua thamani yake, wakaicheka miti hiyo kwa huzuni.

Athanasie alisikiliza akiwa na mkono shavuni. Hasira yake ilikuwa haijaisha yote. Ilimchukua muda, na ukweli ni kwamba hata miaka kadhaa baadaye, alipolikumbuka lile neno la Masunga la majani na mbuzi, alikuwa anafunga mdomo kwanza kabla ya kutabasamu. Lakini pale barazani aliona kitu kimoja. Mtu aliyekuja kumpima alikuwa amepimwa naye, na alikuwa hajakimbia.

Jumapili majogoo walichinjwa, wali ukapikwa, na Masunga akala kama mtu aliyefunga mwezi. Alisifia jogoo mara tatu. Habari za saladi hakuzitaja kabisa. Mazungumzo ya mahari yalianza saa nne na kwisha saa nane, yakikwama mara mbili kwa sababu ya dume moja lenye pembe iliyovunjika ambalo Antoni hakulitaka na Masunga alilipenda kupita kiasi. Mwishowe walikubaliana. Kabula, kabla hawajaondoka, alimwita Athanasie pembeni na kumwomba amwonyeshe tena jinsi ya kuvikamua vitunguu, akajaribu mwenyewe mara mbili hadi akaridhika.

Harusi ilifungwa mwezi wa saba mwaka uliofuata, kiangazi kikiwa baridi. Emelyne akaenda Kasansa. Nyumba ya Katumba ikawa kimya kwa muda, na Athanasie alikuwa anapika chakula kingi kuliko walaji, kwa mazoea.

Barua ya kwanza ilikuja mwezi wa tisa, imebebwa na dereva wa lori. Emelyne aliandika kwamba ni mzima, kwamba wasichana wa pale wanamfundisha Kisukuma na wanamcheka, kwamba Mwandu anachunga Jumapili. Alikuwa amelima bustani kando ya mto, nyanya, kabichi na vitunguu, lakini viboko walitoka usiku wakaikanyaga na kuila yote isipokuwa vitunguu. Alilia siku nzima. Kesho yake alimkuta baba mkwe wake bondeni na shoka, anakata miiba na kuzungushia shamba uzio wa kimo cha mtu. Alipomshukuru, mzee alimwambia apande upya haraka, maana maji ya mto yanapungua, kisha akaendelea kukata.

Antoni aliisoma barua hiyo kwa sauti. Athanasie alimwomba airudie, sehemu ya uzio peke yake.